Maji Yaliyokosa Muhuri

Kengele ya chai ya saa nne ilipolia, Apolonia Ntandu alikuwa amekwisha kukataa mara mbili, na mtu wa kukataliwa mara ya tatu alikuwa njiani anakuja.

Mara ya kwanza aliikatalia mashine. Mwangalizi, akili ya kiwanda iliyoishi ndani ya kuta na kuzungumza kwa adabu ya mtangazaji wa taarifa ya habari, alikuwa amemsumbua tangu asubuhi. Tanki la dharura limejaa, lita elfu sitini kamili. Mabamba yamekwisha kupangwa ndani ya tanuri. Kilichobaki ni Fundi Maji kuweka kidole gumba kwenye kibao cha shaba, ili muhuri uliopandikizwa chini ya ngozi yake usomwe.

"Bado," alisema Apolonia.

"Maji yote ni ya daraja la kwanza, Fundi. Niliyapima yakitoka kwenye mtambo wa kusafishia."

"Wewe uliyapima yakiingia kwenye madumu. Mimi nayapima yakitoka kwenye tanki. Kati ya hapo na hapo kuna safari."

Mara ya pili alimkatalia Kingu, na hiyo ilimuuma. Kingu Mtinangi alikuwa mkuu wa zamu ya tanuri, yeye na wenzake wanane, watu waliokula na Apolonia meza moja kwa miaka saba. Alipiga simu kutoka ukumbini akauliza kwa utani kama kidole kimevimba, kama wamletee dawa ya kuchua. Apolonia hakucheka. Alimwambia hapana, akakata simu, akainama kwenye koki ya chini kabisa ya tanki na kukinga kikombe.

Kipimo cha umeme, kinachoonyesha kiasi cha vitu vilivyoyeyuka majini, kilisoma elfu mbili na mia tatu. Mwisho unaoruhusiwa ni mia tatu. Alikipangusa kwenye aproni, akapima tena, kikarudia kusema lile lile bila aibu. Basi akatoa kisufuria chake cheusi, akawasha kichomea, akachemsha upawa mmoja wa maji mpaka yakakauka kabisa. Huo ulikuwa ufundi usiokuwemo kwenye kitabu chochote, lakini Apolonia aliuamini kuliko vitabu. Maji safi hukauka yakaacha sufuria nyeusi kama ilivyokuwa. Haya yaliacha duara jeupe, zito, la kukwangua kwa kucha. Alilikwangua, akaligusisha ulimi.

Chumvi. Haikuwa ladha ya kutu wala ya dawa. Chumvi ya kula, ya kutia kwenye mboga.

"Unaonja nini?" Meneja Sekwao alikuwa amesimama nyuma yake, viatu vimeng'arishwa utadhani hajakanyaga vumbi la Singida. Hakuwa mtu mbaya, Sekwao, tuseme kweli. Alikuwa mtu aliyeahidi mambo mengi kwa watu wengi, na sasa ahadi zote zilikuwa zimekaa juu ya kidole kimoja cha mwanamke mmoja.

"Tanki lina chumvi, Bwana Sekwao."

"Kiasi gani?"

"Cha kutosha kunizuia."

Meneja alitazama juu, kwenye lile tanki la bluu lililosimama kwa nguzo zake kilimani. "Apolonia, haya ni maji ya dharura. Hayatumiki. Tangu kiwanda kijengwe, pampu hazijawahi kuzimika wakati tanuri linawaka. Hazijawahi hata siku moja."

"Na zikizima leo?"

"Mwangalizi, nafasi ya pampu zote kuzima ni kiasi gani?"

"Mara moja katika kuwasha mara elfu kumi na moja," alijibu Mwangalizi kutoka kwenye nguzo.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Hili tanki halikujengwa kwa ajili ya hizo mara elfu kumi na moja njema. Lilijengwa kwa ajili ya ile moja."

Akamwonyesha kisufuria. Tanuri la ombwe, akamkumbusha ingawa anajua, si jiko la mkaa. Ni chungu cha chuma cha pua kilichofyonzwa hewa yote, kinachowaka mpaka shaba inayeyuka kama samli, na kinachokizuia kisijiyeyushe chenyewe ni koti la maji linalozunguka ndani ya ukuta wake, kwenye vijia vyembamba vya kupita kidole. Pampu zikizima, maji ya tanki hushuka kwa uzito wake, bila umeme wala kuombwa, na kuendelea kulipoza. Lakini maji ya chumvi yakifika kwenye vijia vile yatachemka na kuacha humo kilichoachwa humu sufuriani. Vijia vitaziba. Ukuta utapinda, maji yatapenya ndani kwenye moto, na tone likiingia mahali pale halibaki tone. Huwa mvuke papo hapo, na mlango wa tanuri una uzito wa tani mbili, na unatazamana na watu tisa.

"Kwa hiyo hapana," alisema. Hiyo ndiyo ilikuwa ya tatu.

Sekwao hakupiga kelele. Alisema uji unakufa kesho saa sita mchana, naye Apolonia alilijua hilo vizuri kama yeye. Uji ndilo jina walilolipa lahamu ya madini iliyopakwa kati ya mabamba. Ikishafunguliwa kopo huishi siku nne, ikipita hapo haishiki tena. Uji mwingine ungefika baada ya wiki tano. Na mabamba yale, yakishashikana, ndiyo yanayokuwa mapazia ya umande: unaliangika pazia moja kwenye upepo mkavu wa mwaka huu wa sita wa ukame, na kufikia asubuhi limekusanya ndoo kumi za maji. Wilaya tisa zilikuwa zinayasubiri. Kijiji cha Msisi Juu, pale chini ya kilima, alikozaliwa Apolonia, kilikuwa cha kwanza kwenye orodha.

"Nakupa mpaka saa tisa," alisema Sekwao. "Tafuta namna ya kunyoosha mkono."

*

Apolonia hakutafuta namna ya kunyoosha mkono. Alitafuta chumvi imetoka wapi, na miguu yake ikamshusha kijijini kabla akili haijamwambia kwa nini.

Wiki tatu nyuma pampu ya kisima cha Msisi Juu ilikuwa imekufa. Kiwanda, kwa mara ya kwanza tangu kijengwe, kilifanya jambo la kiungwana: kiliteremsha robo ya tanki la dharura kwa madumu meupe mia saba, kikawapa watu wakanywa. Kisha kikafungua pampu yake ndogo, ile ya kupandishia maji kwenye tanki, kikaifunga kisimani kwao. Juzi madumu yalirudishwa kwa mkokoteni wa ng'ombe. Na kwa kuwa pampu ya kupandishia ilikuwa imebaki kijijini, zamu nzima ya tanuri ilijipanga kwenye ngazi, ikajaza tanki kwa mikono, dumu kwa dumu, wakiimba na kutaniana mpaka mabega yakachubuka.

Alimkuta shangazi yake Wande kisimani akiwa na wanawake wa kamati ya maji, akigombana na mtu kuhusu foleni. Shangazi Wande alikuwa mwenyekiti, na uenyekiti ulimpenda.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mbona umekonda hivyo? Huko kiwandani mnakula chuma?"

"Tunakula vizuri. Shangazi, yale madumu yetu, mliyaosha kabla ya kuyarudisha?"

Wanawake wakatazamana. Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Tuliyaosha, tukayaanika, tukayafunika. Wewe unatuonaje?"

"Na ndani mliweka nini?"

Wakainamisha nyuso, na si kwa hatia. Walikuwa kama watu walioulizwa jambo la kutia haya hadharani.

"Polonia," alisema shangazi, sauti chini, "hayo ndiyo maswali ya kumwuliza mtu mzima mbele za watu? Ulitaka tuyarudishe matupu?"

Apolonia akafumba macho. Alijua. Aliyajua haya kabla hajajua kusoma. Tangu akiwa mdogo, sahani ya jirani ikija na ndizi hairudi na hewa. Itarudi na yai, au na kiganja cha maharage, na anayeirudisha hasemi kitu, kwa sababu kusema ni kujitangaza. Anayepokea hufungua, hutoa, hufurahi, na siku wakikutana humwambia asante. Na Msisi Juu ya mwaka huu wa sita haikuwa na mayai wala maharage. Ilikuwa na ziwa lililokauka na kuacha ukoko mweupe.

"Mlikwenda kukwangua chumvi ziwani," alisema.

"Siku mbili," alidakia mwanamke mmoja kwa fahari. "Tukaitwanga laini, tukaipepeta. Kiganja kwa kila dumu. Haikuchanganyika na udongo hata chembe."

"Na hamkutuambia asante," alisema shangazi, bado amenuna kidogo. "Tukasema, labda watu wa kiwandani hawana desturi."

Dumu lile lina mdomo mwembamba. Ndani ni jeupe, na chumvi ni nyeupe. Watu wa zamu walifungua kifuniko, wakaweka mdomo kwenye bomba, wakajaza, wakapandisha, wakamimina. Hakuna aliyechungulia.

Shangazi Wande hakuwa mjinga. Alimtazama mpwa wake usoni, na kununa kukamwisha. "Hamkuitoa."

"Hatukuitoa."

"Imeingia kwenye lile tanki kubwa."

"Imeingia."

"Ee Mungu wangu." Akakaa kwenye ukingo wa kisima. "Ni mimi niliyewaambia waweke. Huyu alitaka kuweka majani ya mlonge, nikamwambia hapana, chumvi haiozi. Nakuja nawe sasa hivi nimwambie huyo meneja wenu."

"Usije, shangazi. Nakuomba. Mtu akiharibu maji kwa makusudi, Sheria ya Maji inampa miaka saba, na Sekwao leo anatafuta makusudi popote atakapoyapata."

"Lakini sikukusudia!"

"Ndiyo maana nasema usije."

Alipanda kilima akiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ilimhusu yeye mwenyewe. Kwenye mlango wa kibanda chake cha vipimo palibandikwa kanuni kumi na mbili za maji ya kupozea, kwa mwandiko wake. Kanuni ya nne ilisema: kila chombo kisuuzwe mara tatu kwa maji safi kabla ya kujazwa. Juzi Kingu alimwuliza, "Fundi, tusuuze?" Naye akaangalia madumu mia saba, akapiga hesabu ya maji yatakayomwagwa chini mbele ya macho ya kijiji kilichotoka kuwa na kiu, akaona aibu. Akasema, "Msisuuze. Yametoka kwa watu wasafi." Ni kweli yalitoka kwa watu wasafi. Ni yeye, mtoto wa pale pale, aliyesahau kwamba watu wale hawarudishi chombo kitupu.

*

Saa tisa ukumbi wa tanuri ulikuwa na joto la watu. Kingu na wenzake wanane walisimama wamevaa mavazi ya kazi, miwani juu ya vipaji vya nyuso. Tanuri lenyewe lilikuwa limefungwa, limenyamaza, hewa yote imekwisha kufyonzwa. Sekwao alikuwa amekaa juu ya meza ya zana, na pembeni yake palikuwa na dumu jeupe. Apolonia alipoliona tu, akajua.

Meneja alilitikisa. Ndani kitu kikachakarika.

"Hili lilibaki, halikujazwa," alisema. "Nimelifungua. Unajua kuna nini humu?"

"Najua."

"Mwangalizi amepiga hesabu. Kilo sabini za chumvi, kwenye madumu mia saba, kwa kipimo kile kile kila moja. Kiganja, kiganja, kiganja. Hiyo si bahati mbaya, Apolonia. Hiyo ni mpango."

"Ni mpango," alikubali. "Walipanga kushukuru."

Mmoja wa watu wa tanuri alicheka, halafu akaona hakuna mwingine anayecheka. Apolonia akawaeleza yote, kuanzia foleni ya kisimani hadi ukoko wa ziwa. Kingu, ambaye ni mtu wa Mkalama na mama yake pia hakuwahi kurudisha sahani tupu, akajipiga paji la uso.

"Kwetu ingekuwa unga," alisema polepole. "Ungeziba bomba tungejua mapema."

"Imekuwa hadithi nzuri," alisema Sekwao, na hakusema kwa dhihaka, alionekana amechoka. "Sasa sikilizeni hali ilivyo. Njia ni mbili. Ya kwanza, Fundi anatia muhuri, tunawasha, mapazia mia na ishirini yanatoka keshokutwa, watu wanakunywa. Ya pili, Fundi hatii muhuri, lakini anaandika kwenye taarifa neno moja: hujuma. Ikiandikwa hujuma, saa ya mkataba inasimama. Hatutanyang'anywa kazi kwa kuchelewa. Kiwanda kinabaki. Nyinyi mnabaki. Wakuu wa wilaya watatusubiri wiki tano bila neno."

"Na walioweka chumvi?"

"Sheria itawauliza. Kama hawakukusudia, watasema."

"Watasemea wapi? Mahabusu?"

Kingu akasogea mbele. Alikuwa na sauti nzito, na leo aliifanya laini. "Polonia, kuna njia ambayo meneja hakuisema. Sisi ndio tunaosimama mbele ya mlango. Tumezungumza, wote tisa. Tunakubali. Mara moja katika elfu kumi na moja, mbona barabarani tunapita kwenye hatari kubwa kuliko hiyo? Dada yangu kule Mkalama anachota maji ya dimbwi na punda. Tia muhuri, mama. Hatutakulaumu."

Hapo ndipo Apolonia alipotaka kulia, na ndipo alipokasirika zaidi. Meneja kumsukuma lilikuwa jambo la kawaida, kazi ya meneja ni kusukuma. Lakini watu tisa kumpa ruhusa ya kuwaweka mbele ya mlango ule, kwa upole, kana kwamba wanampa zawadi, hilo hakuweza kulipokea. Na ubaya wake ni kwamba hawakuwa wajinga. Dimbwi la Mkalama lilikuwepo kweli. Wiki tano ni wiki tano, na kwenye vijiji vingine kuna mtoto ambaye hazifikishi. Hakuna hesabu aliyokuwa nayo ya kulifuta hilo, na hakujaribu kujidanganya kuwa anayo.

"Sitaki msinilaumu," alisema. "Mnanisikia? Muhuri huu hausemi kwamba mmekubali. Unasema maji ni mazima. Ni mazima?"

Wote tisa wakatazama sakafu.

"Nimeuliza swali. Ni mazima?"

"Si mazima," alisema Kingu.

"Basi nitatia mimi," alisema Sekwao ghafla, akashuka mezani. "Nina muhuri wa akiba. Sheria inaniruhusu."

"Inakuruhusu," alisema Apolonia. Akaenda pembeni, akavuta kiti cha chuma chenye miguu iliyoliwa na kutu, akakiburuta sakafuni kwa kelele mpaka mbele ya mlango wa tanuri, hatua tatu tu kutoka kwenye bawaba. "Na inasema anayetia muhuri maji anakaa ukumbini mpaka tanuri lipoe. Saa kumi na sita. Mimi nimekaa hapa mara mia mbili na kitu. Karibu."

Sekwao alikitazama kiti. Kwa haki yake, alikitazama kwa muda mrefu, na midomo yake ilisogea kama mtu anayehesabu. Kisha akatazama dumu, na mkono wake ukarudi mfukoni.

"Andika hujuma," alisema kwa sauti ndogo. "Apolonia, nakuomba kama ndugu. Neno moja."

"Siwezi kuandika jambo ambalo halikutokea."

"Basi nitaliandika mimi."

"Utaliandika lini? Taarifa ya maji ni yangu mpaka nitakapoifunga."

Akageuka, akatoka nje.

*

Vali ya kumwagia ilikuwa kwenye nguzo ya tatu, gurudumu jekundu la ukubwa wa sinia, na kutoka hapo bomba pana liliteremka hadi kwenye lambo la ng'ombe la Msisi Juu, ambalo kwa miaka miwili halikuwa na kitu zaidi ya nyufa. Chumvi ile, ambayo tanuri lingeiogopa, ng'ombe na mbuzi wangeilamba kwa furaha. Apolonia alishika gurudumu kwa mikono miwili. Lilikuwa limegoma kwa kukaa. Akaegemeza bega.

"Fundi," alisema Mwangalizi kutoka kwenye nguzo, bado kwa adabu ile ile, "ukifungua vali hiyo kiwango kitashuka chini ya theluthi mbili, na tanuri halitaweza kuwashwa kwa muhuri wa mtu yeyote. Kulijaza upya ni siku tatu. Uji utakufa."

"Ndiyo."

"Je, umekusudia?"

"Nimekusudia. Hili ndilo la makusudi leo, liandike vizuri."

Gurudumu lilitoa mlio, likazunguka. Kwanza bomba lilikohoa vumbi, halafu likapata sauti, na maji yakaanza kushuka kilimani. Nyuma yake alisikia viatu vinakimbia. Sekwao alifika wa kwanza, akiita jina lake, na alipofika alisimama tu, mikono imening'inia, kwa sababu gurudumu lilikuwa limefunguka lote, na Apolonia alikuwa amesimama mbele yake na hakuonekana kuwa mtu wa kusogezwa.

"Umewanyima maji watu wa wilaya tisa," alisema Sekwao. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nimewanyima wiki tano. Najua. Nitakwenda kwao mmoja mmoja nikawaambie ni mimi, ukitaka unipe gari, usiponipa nitakwenda kwa miguu. Lakini hutawapa maji yaliyopikwa kwa roho za hawa, na hutampeleka mtu jela kwa sababu ameshukuru." Akainua uso kwenye nguzo. "Mwangalizi, fungua taarifa."

"Imefunguka."

"Andika. Maji ya tanki la dharura yamekataliwa. Sababu, chumvi. Chumvi iliingia kwa sababu madumu hayakusuuzwa. Madumu hayakusuuzwa kwa sababu Fundi Maji, Apolonia Ntandu, alitoa amri yasisuuzwe, kinyume cha kanuni ya nne aliyoiandika mwenyewe. Hakuna hujuma. Kuna uzembe, na ni wangu."

"Fundi, nina wajibu wa kukuarifu kwamba kukiri huku kunafuta muhuri wako."

"Niarifu."

"Nimekuarifu. Mhusika wa kosa?"

"Apolonia Ntandu."

Kidole gumba kikamwasha kidogo, kama kimechomwa na mwiba, na taa ya kijani iliyoonekana chini ya ngozi yake kwa miaka saba ikazimika. Alikifunga kidole ndani ya ngumi.

Watu wa tanuri walikuwa wamefika, wote tisa, wamesimama kwenye nusu duara, wakisikiliza maji yanavyoshuka. Kule chini ng'ombe wa kwanza alikuwa amekwisha kunusa, na sauti za wachungaji zilisikika. Kingu alitazama bomba, akatazama ngumi ya Apolonia, akavua miwani yake.

"Mwangalizi," alisema. "Taarifa bado iko wazi?"

"Iko wazi. Haijafungwa."

"Andika na langu. Kingu Mtinangi, niliyemimina bila kuchungulia."

"Kingu, acha," alisema Apolonia. "Mliniuliza. Mimi ndiye niliyewaambia."

"Tulikuuliza, ukatuambia, na macho yalikuwa ya kwetu." Hakumtazama. "Na kesho meneja akitafuta mtu mwingine wa kutia muhuri, mimi siingii ukumbini kwa muhuri wa mtu nisiyemjua. Andika na hilo."

Mwanamke aliyesimama nyuma yake, aliyekuwa akipokea madumu kwenye ngazi ya pili, akataja jina lake kwa sauti ya juu. Aliyefuata akataja lake. Yule aliyecheka ukumbini akataja la kwake na la baba yake, na la kijiji chake, asije akachanganywa na mwingine.

"Samahani," alisema Mwangalizi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ilisita. "Fomu ina nafasi ya mhusika mmoja tu."

"Ongeza nafasi," alisema Kingu.